Msala mmoja, mwaka mzima: ukindu, achari na kazi za nyumba kwa majira ya pwani

Mkeka wangu wa kwanza niliushona Aprili, mvua ikinyesha, nikijisifu kwamba nimeumaliza kwa wiki tatu tu. Kufika Julai ulikuwa umetoa meno. Kili, zile tepe zilizosukwa ambazo hushonwa pamoja kuwa mkeka, zimesinyaa; kati ya ukili na mwenzake kidole kinapita. Wifi yangu, mzaliwa wa Kipumbwi na msukaji tangu utotoni, aliutazama, akaupapasa, wala hakuniambia kwamba nimeshona vibaya. Aliuliza tu: "Wifi, ulikuwa unakimbilia wapi?"

Swali lile lilinifundisha kazi hii kuliko maelezo yote aliyonipa baadaye. Jani la mkindu, mtende wa porini ambao majani yake ndiyo ukindu, likinywa unyevu huvimba, likikauka hunywea. Ndiyo maana kila hatua ina hewa yake: ukindu hukatwa na kuanikwa kaskazi, husukwa masika, hushonwa kipupwe. Ukizipindua hatua hizo, hata mkono uwe mwepesi namna gani, kazi itakuumbua.

Nitakuelekeza kutengeneza msala mmoja wa kuswalia, sentimita 60 kwa 110. Ni kazi ndogo ya kujifunzia, haichoshi moyo kama mkeka wa kitanda. Katikati yake nimechomeka kazi nyingine za nyumba zinazoangukia msimu uleule, kwa kuwa jua linaloanika ukindu ndilo hilohilo linaloanika embe za achari.

Kalenda yangu ni ya pwani ya Tanga: kaskazi kuanzia Desemba hadi mwanzo wa Machi, masika hadi Mei, kipupwe na upepo wake wa kusi Juni hadi Agosti, kisha demani, na vuli kuanzia Oktoba. Ukiwa Lindi au Mtwara, ambako mvua ni msimu mmoja tu, kata na uanike kabla ya Novemba, usuke mvua zikinyesha, ushone Juni kama sisi.

Hesabu kabla ya panga

Watu wengi huingia porini bila hesabu, wakarudi na mzigo wa kutupa au wakapungukiwa ukili umefika nusu. Mimi hupiga hivi.

Ukili wa chane saba (chane ni kipande chembamba cha jani lililopasuliwa), kila chane ikiwa na upana wa milimita 5, hutoka na upana wa sentimita 2.5 hivi. Kwa msala wa upana wa sentimita 60 unahitaji vipande 24. Kila kimoja kikiwa na sentimita 112 (mbili za ziada ni za kukunja), hiyo ni karibu mita 27. Ongeza mita 3.4 za pindo la kuzunguka, ongeza na za kuharibika, ufike mita 32. Kwa kipimo cha wasukaji ni pima 18, pima moja ikiwa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8.

Sasa chane. Kwa kuwa chane hupita mshazari, kila mita ya ukili hula karibu mita 1.4 ya kila chane. Ukizidisha kwa saba, halafu ukatoa sehemu za kuungia, msala mmoja unakula chane elfu moja na ushei. Siku nyingine ukikuta mama ametandaza misala kando ya barabara, kumbuka hesabu hiyo kabla ya kumwambia apunguze bei.

Kaskazi: kukata

Mkindu hupenda kingo za mito na mabonde yenye maji, na huota kwa vichaka, mashina mengi pamoja. Unachotafuta si makuti yaliyokwisha kufunguka. Unataka kuti changa, lile linalosimama katikati kama mkuki, majani yake bado yamebanana. Likishafunguka na kupigwa na jua, jani huwa gumu na kijani chake hakitoki vizuri.

Vaa shati la mikono mirefu. Majani ya chini kwenye kikonyo cha mkindu ni miiba mitupu, na mwiba wake ukivunjikia kwenye nyama unasumbua kwa siku kadhaa. Vuta kuti changa kwa mkono mmoja, kata kwa mundu shubiri moja juu ya linapochomoza. Usichimbe chini zaidi. Huko ndiko ulipo moyo wa mti, na ukiukata shina zima limekufa. Kanuni ya wifi yangu: kuti moja kwa shina moja, kisha hamia shina jingine. Kwa msala huu makuti matano yakitoa majani mazuri yanatosha. Mimi hukata saba.

Asiye na mkindu karibu anunue. Masoko mengi ya pwani yana ukindu wa mafungu, uliokwisha kuanikwa, na mwingine umeshatiwa rangi. Kunja jani moja kati ya vidole: zuri hukunjika na kubaki zima, lililozeeka ghalani hukatika kwa mlio. Linuse pia. Likinuka kama kabati la masika, liache hapohapo.

Kuanika na kuchana

Siku ileile ya kukata, pambua majani kutoka kwenye uti wa kuti, tenganisha marefu na mafupi. Ya ncha na ya shinani hayafiki sentimita 30. Hayo yatafaa kwa vipepeo na vikawa vidogo. Marefu yaanike juu ya jamvi au bati lenye gunia juu yake, si juu ya mchanga. Yageuze kila adhuhuri. Magharibi ikiingia yaingize ndani, maana umande huyatia madoadoa meusi ambayo hayatoki hata kwa rangi. Siku tano hadi saba za jua la Januari hutosha: kijani huondoka, jani likawa la maziwa au la manjano hafifu, na ukilipungia hewani linalia.

Kisha kuchana. Lowesha kiganja cha majani kidogo tu, toa ule uti mgumu wa katikati, kisha pasua kila nusu kwa ncha ya kisu au sindano, upana wa milimita 5. Usahihi una thamani yake hapa. Chane zenye upana usiolingana huzaa ukili unaopinda kama barabara ya mlimani, na hakuna namna ya kuunyoosha baadaye. Mimi nina kipande cha kadi nilichokikata pengo la milimita 5. Napitisha kila chane pale mpaka jicho lilipozoea. Funga chane hamsini hamsini.

Rangi

Wasukaji wengi wa leo hutumia rangi ya unga ya dukani, na mimi pia. Kwa fungu la chane hamsini natumia sufuria kuukuu (ambayo haitarudi tena kwenye chakula), maji lita tatu, rangi kijiko kimoja cha mezani na chumvi vijiko viwili. Maji yakichemka nazamisha fungu lililokwisha kuloweshwa, maana jani kavu hunywa rangi kwa mabaka. Naliacha robo saa nikigeuza kwa kijiti, naepua na kuliacha lipoe humohumo. Suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini.

Rangi za miti nazo zipo. Magome ya mkoko hutoa wekundu wa matofali, mizizi ya mdaa hutoa rangi nzito inayokaribia weusi, mbegu za mzingefuri hutoa rangi ya machungwa, na bizari ya manjano hutoa njano inayopendeza mno kwa miezi miwili kisha ikakimbia. Ukitaka mkoko, tumia magome ya boriti zilizokwisha kuvunwa kihalali. Usibandue mti uliosimama, mikoko ni msitu wa hifadhi na mti uliobanduliwa kuzunguka shina haunyanyuki tena.

Kwa msala wa kwanza tia rangi fungu tatu tu, rangi moja. Utaona sababu tukifika kwenye kusuka.

Embe zisiharibike

Wakati ukindu uko juani, embe changa zinadondoka. Huu ndio wakati wa achari. Kilo mbili za embe mbichi, ngumu, zenye kokwa lisilokomaa. Dodo changa ni nzuri, ila embe ndogo za kienyeji zenye ukali ndizo achari yenyewe. Osha, futa zikauke kabisa, kata vipande na ngozi yake. Changanya na chumvi gramu 120 na bizari ya manjano vijiko viwili vya chai, funika, acha usiku kucha. Asubuhi utakuta zimetoa maji. Yachuje, uanike vipande juani siku mbili mpaka viwe kama ngozi laini.

Kaanga uwatu kijiko kimoja cha mezani bila mafuta mpaka unukie (usiungue, utakuwa mchungu), usage pamoja na haradali vijiko vitatu. Chemsha mafuta nusu lita, acha yapoe mpaka yawe ya vuguvugu, tia saumu punje kumi zilizopondwa, pilipili ya unga vijiko viwili au vitatu kwa kadiri ya ulimi wenu, na viungo vilivyosagwa. Ongeza siki robo lita, changanya na embe, jaza kwenye chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa juani. Mafuta yafunike embe zote. Kipande kinachochungulia juu ndicho kitakachoota ukungu. Wiki mbili baadaye onja. Na kijiko chenye maji kisiingie humo. Nyumbani kwangu kosa hilo lina kesi.

Kabla mawingu hayajafika

Wiki ya mwisho ya Februari, ingia ndani ya nyumba au banda la makuti saa sita mchana, funga mlango, tazama juu. Kila nukta ya mwanga unayoiona itakuwa tone la maji Aprili. Chomeka makuti ya viungo mapya chini ya yale ya zamani mahali palipotoboka, uyafunge kwenye fito kwa kamba ya usumba. Ni kazi ya saa mbili sasa, na ya kuhamisha vitanda baadaye.

Masika: kusuka

Mvua ikianza, hewa inakuwa na unyevu na jani linalegea lenyewe. Kaskazi ungelilowesha kila dakika kumi, masika halikatiki. Na mtu yuko ndani hata hivyo, shamba halipitiki, watoto wamejaa ukumbini.

Chovya kiganja cha chane kwenye maji, zitoe mara moja, zivingirishe kwenye kipande cha kanga kibichi kwa nusu saa. Usizilaze majini usiku kucha. Zitateleza na kunuka.

Chukua chane saba, sita za rangi ya asili na moja ya rangi. Zipange nyingine shina juu na nyingine ncha juu ili unene ulingane. Zifunge kwa uzi, banisha fundo chini ya kidole gumba cha mguu. Zigawe: nne kushoto, tatu kulia.

Shika chane ya nje kabisa upande wenye nne. Ikunje kuelekea ndani, ipite juu ya jirani yake, chini ya inayofuata, juu ya ile ya tatu. Sasa imehamia upande wa pili, na upande huo ndio umekuwa na nne. Shika ya nje kabisa upande huo, fanya vilevile: juu, chini, juu. Rudi upande wa kwanza. Hakuna siri nyingine. Baada ya pima moja vidole vitajua njia, na utaweza kusuka huku unapiga soga.

Kinachotofautisha ukili mzuri na wa kujitahidi ni mkunjo wa ukingoni. Chane inapogeuka ukingoni ikunje ilale bapa, kama unavyokunja ukurasa wa kitabu, kisha ibane kwa ukucha. Ukiiacha izunguke kama kamba, ukingo utakuwa na vinundu na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, haitapata mahali pa kupita. Kila baada ya mizunguko michache vuta chane zote chini kidogo, kaza. Nyosha ukili mbele ya macho: mwanga usipite katikati ya chane.

Chane ikikaribia kwisha, laza mpya juu yake katikati ya ukili, kamwe si ukingoni, zisukwe pamoja kwa mapishano matatu, kisha ya zamani iache ncha yake ichomoze upande wa nyuma. Jitahidi chane mbili zisiishe mahali pamoja. Ya rangi iunganishe na ya rangi. Hiyo chane moja itakuwa inapita kutoka ukingo hadi ukingo, ikiacha mstari wa kwenda na kurudi kwa urefu wote wa ukili. Ukitia mbili zilizo jirani, mstari unanenepa. Ukitia tatu za rangi tofauti mara ya kwanza, kama nilivyofanya mimi, hutajua kosa liko wapi litakapotokea.

Pima moja kwa jioni mbili ni mwendo wa kutosha kwa mwanafunzi; pima 18 zinaisha kabla masika haijaisha. Ukipita kiasi mabega yatakuambia.

Kila unapomaliza pima kadhaa, kata ncha zilizochomoza kwa mkasi, zibaki milimita mbili. Kisha tandika ukili juu ya ubao, ubiringishie chupa kwa nguvu kwenda na kurudi ulale bapa. Ukunje duara, uufunge kwa utambi wa kitambaa, uutundike. Mahali pazuri ni jikoni, mbali na ukuta, ambapo moshi wa kuni unafika kidogo. Anayepikia gesi autundike penye upepo na autazame kila Ijumaa. Ukungu wa kijivu ukijitokeza, futa kwa kitambaa chenye siki, uanike jua likipatikana. Ukungu mweusi umeshaingia ndani ya jani. Kata sehemu hiyo, usibembeleze.

Ukungu huo huo unatafuta na nguo zako. Sisi huweka makaa machache na udi kwenye chetezo, tukatandaza nguo juu ya tenga lililokifunika. Kaa hapo hapo mpaka umalize. Nimeshaona doti moja ya kanga ikipata tundu la kupitisha ngumi, na mwenyewe alikuwa amekwenda tu kufungua mlango.

Kipupwe: kushona

Juni, kusi inapuma, asubuhi kuna ubaridi na hewa ni kavu. Sasa shusha ukili. Uanike siku mbili kamili uliokunjuliwa, halafu ndipo upime. Hii ndiyo hatua niliyoiruka mwaka ule. Pima 18 zangu siku hizi hurudi kuwa 17 na nusu, na msala unaoshonwa baada ya kusinyaa hausinyai tena.

Weka alama kila sentimita 112, lakini usikate kwanza. Kila penye alama shona mistari miwili ya uzi wa pamba kukatiza ukili, mmoja upande huu wa alama na mwingine upande ule, ukiacha nusu sentimita kati yake. Ndipo ukate katikati. Usipofanya hivyo, ukili utafumuka mkononi na kazi ya wiki itageuka chane tena mbele ya macho yako.

Kwa kushonea, watu hutumia nyuzi za aina nyingi. Uzi wa nailoni ni rahisi kupatikana ila hukata kingo za ukili taratibu kama kisu. Katani, ambayo kwetu Tanga haikosekani, ni imara lakini ngumu kwa shazia ndogo. Mimi napenda chane nyembamba ya miyaa (majani ya mkoma) iliyoloweshwa. Ni jani kwa jani, linachakaa sawasawa na mwenzake.

Laza vipande viwili ubavu kwa ubavu. Shazia ipite chini ya mkunjo wa ukingo wa ukili wa kwanza, ivuke, ipite chini ya mkunjo wa ukili wa pili, irudi. Unapita chini ya mikunjo, hutoboi jani. Vuta mpaka kingo zigusane, basi. Ukivuta zaidi msala utajikunja kama dafu lililokatwa. Kabla ya kuongeza ukili unaofuata, usogeze juu na chini mpaka mistari ya rangi ikutane au ipishane, upendavyo, ila ikiwa umeanza kukutanisha, kutanisha mpaka mwisho. Kila baada ya vipande vinne tandika chini, pima upana juu, kati na chini. Tofauti ikizidi sentimita moja, fumua cha mwisho. Inauma, lakini fumua.

Vipande 24 vikiisha, pindo. Chukua ukili uliobaki, ukunje kati kwa urefu wake ukiwa umeloweshwa, uvishe ukingo wa msala ili ncha zote zifichwe ndani, ushone kupita pande zote mbili. Pembeni usikate, kunja ukili ulale kama bahasha. Anzia na umalizie upande wa miguu, kwa sababu maungio ndiyo yatakayochakaa kwanza na upande wa kichwa ndio unaotazamwa. Misala ya zamani ilikuwa ya duara dufu. Ukipenda umbo hilo kata pembe baada ya kushona uzi kando ya mchoro, lakini liache kwa msala wa pili.

Hesabu jioni kumi na tano za kushona. Machungwa ya Muheza yamejaa msimu huu, na mtu anayeshona hula. Maganda usitupe: yaanike mpaka yakauke kabisa, yana mafuta ndani yake na yanawasha jiko la mkaa bila tone la mafuta ya taa.

Demani na vuli: sufi, na kuutunza msala

Demani bahari inatulia na misufi inaanza kupasua matumba yake. Mito ya nyumba yangu yote ni ya sufi. Okota matumba yaliyoanguka au yaliyokwisha kukauka mtini, funga kitambaa puani, yapasulie ndani ya gunia ili sufi isiruke. Piga gunia kwa fimbo. Mbegu nzito zitazama chini. Mto mmoja wa kawaida hula karibu kilo moja, na foronya ya ndani iwe ya kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, la sivyo utaamka na sufi masikioni. Fanya kazi hii mbali na jiko na mbali na mvuta sigara. Sufi hushika moto kama petroli.

Msala wenyewe hautaki mengi. Vumbi likung'ute, doa lifute kwa kitambaa kibichi cha maji baridi bila sabuni ya unga, uanike kivulini. Uzungushe, usiukunje, penye mkunjo ndipo chane hukatikia. Wanaosema mkeka wa plastiki ni bora zaidi sibishani nao, unafuliwa kwa ndoo na mswaki na hauogopi mvua. Ila mtu akikuambia hivyo, mpe mkeka wa plastiki na wa ukindu alale juu yake adhuhuri ya Februari umeme umekatika, kisha mwangalie mgongo.

Vuli ikifika usiutandike msala juu ya saruji tupu. Saruji hupandisha unyevu kutoka chini hata pale inapoonekana kavu, na ukungu huanzia upande usiouona. Weka jamvi chini yake, ugeuze kila wiki. Shazia nayo ipake mafuta ya nazi, uifunge kwenye kitambaa kikavu na uitie kwenye kopo lenye kifuniko; mwaka jana niliisahau ukutani, na Juni nikakaa siku nzima naisugua kutu kwa majivu.